Dakika Tatu za Kusalimiana

Kwetu sisi, mtu akiulizwa hali haanzi na baya. Hata kama paa limeezuka, kwanza utaambiwa ni salama, watoto hawajambo, tunamshukuru Mungu, halafu ndipo inakuja "ila". Nimelelewa hivyo. Katika miaka yangu ya kwanza ya siasa huku Texas niligombana na watu wengi kwa sababu ya desturi hiyo, na walionishauri niiache walikuwa na nia njema kabisa. Sikuiacha, na sina mpango.

Nianzie Houston, maana ndiko hasira ilikonishikia. Mwisho wa Agosti 2017 ile mvua kubwa ilinyesha siku baada ya siku, na mimi nilikuwa Dallas nikimpigia simu mjomba wangu anayekaa Sugar Land. Nilipiga mpaka vidole vikachoka. Hatimaye akapokea.

"Shikamoo mjomba, habari za huko?"

"Marahaba mwanangu. Huku salama, salama kabisa. Wote wazima. Nyie je? Mama yako mguu wake unaendeleaje?"

Tukauzungumza mguu wa mama mpaka ukaisha. Tukazungumza habari za binamu yangu aliyekuwa anasubiri majibu ya mtihani. Kisha mjomba akashusha pumzi.

"Haya, tunashukuru. Ila maji yameingia ndani. Hapa ninapoongea na wewe nimesimama juu ya meza ya kulia chakula."

Barabara zilipofunguka niliteremka kwenda kumsaidia. Tulibeba mazulia yaliyolowa, tukavunja kuta za jasi zilizovimba maji, tukaanika vitabu vyake uani. Siku ya pili tukaenda kupanga foleni ya watu wanaohitaji msaada. Tulisimama tangu asubuhi, mjomba kanyoosha kanzu yake kama anakwenda Idd. Zamu yetu ilipofika, mwanamke mwenye karatasi akamwuliza kwa uchangamfu wa watu wa huku, mzee unaendeleaje leo?

Mjomba akajibu kama mstaarabu. Akasema yeye hajambo, anashukuru sana kwa kuulizwa, na poleni na kazi. Akavuta pumzi ili aendelee. Yule mwanamke akatabasamu, akatia alama kwenye karatasi, akaita anayefuata. Niliichungulia ile karatasi. Alama ilikuwa imewekwa mahali pa watu wasio na shida ya haraka. Mjomba, ambaye alikuwa analala ndani ya gari, alisimama pale na maneno yake yote mdomoni.

Nilirudi mbele ya foleni nikasema kwa sauti ambayo mama yangu asingeipenda. Tukaandikwa upya. Lakini njiani mjomba hakuniongelesha mpaka tulipokaribia kwake, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha mbele za watu.

"Mjomba, wanaoshika zile karatasi wanatakiwa wawe watu wanaojua kusubiri mtu amalize kusema," nikamwambia.

"Basi nenda kagombee," akasema.

Alikuwa ananitania. Mimi sikucheka.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nesi katika kliniki moja ya Dallas, na nilikuwa nimehama nyumbani kwa wazazi Mansfield nikapanga fleti katika yale majengo ya kaskazini mwa mji ambako wakimbizi hufikia, nyumba zimebanana, milango inatazamana. Kiti cha jimbo hilo katika bunge la Texas kilikuwa wazi. Nilipojaza fomu, mjomba alinipigia tena.

"Umesha-file kweli? Mimi nilikuwa natania!"

"Nimesha-file."

"Wewe umri wako unatosha kupakua pilau kwenye shughuli za watu. Kutunga sheria?"

"Nitapakua pilau, na sheria nitatunga."

"Haya, mkaidi," akasema. "Mimi simo."

Mshauri niliyemwajiri alinipa orodha ya milango na kuniambia kila mlango dakika mbili: jina, ajenda, omba kura, ondoka. Alikuwa mtu mzuri lakini alikuwa hajawahi kubisha hodi kwa Mrundi saa ya chakula. Ukiitikiwa karibu umekaribishwa kweli. Unavua viatu, unakaa, unaulizwa wazazi, unaletewa maharage, na mtu anayeomba kitu kabla ya kumaliza sahani yake anajulikana amelelewaje. Mshauri alikuwa akinisubiri nje kwenye gari akitazama saa. Niliongezeka uzito, na orodha yake sikuimaliza hata siku moja. Nilishinda kura za mchujo mwezi Machi, nikashinda tena Novemba 2018. Yeye alisema ni upepo wa kisiasa. Mimi nilijua ni maharage.

Januari nikaapishwa Austin. Wiki ya kwanza askari wa mlangoni aliniuliza kama nimekuja kufanya mafunzo kwa vitendo, na ofisi ya nani. Nikamwambia ofisi yangu. Akaniuliza tena. Nikamwonyesha beji, akaigeuza upande wa pili kana kwamba ukweli umeandikwa kule. Jumamosi ile ile kwenye harusi Mansfield wazee waliniita, "Mheshimiwa, hebu tuletee maji hapa." Niliyabeba yale maji kwa furaha. Wao walikuwa wananijua mimi ni nani, na bado walitaka maji.

Sasa nimtaje mama aliyekuwa sababu ya mambo yote. Aliishi fleti ya chini yangu, yeye na mume wake, Wakongo kutoka upande wa Uvira. Mzee alikuwa mwalimu kwao. Huku alikuwa mtu wa kiti na mtungi wa oksijeni, kwa ajili ya mapafu na moyo. Julai 2018 kiyoyozi chao kiliharibika, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyekuja kukitengeneza. Mama alikuwa akimlaza mzee ndani ya beseni la kuogea, mgongo kwenye ubaridi wa beseni. Siku moja asubuhi nilisikia fagio linagongwa kwenye dari yao, yaani sakafu yangu. Nilimkuta mzee midomo imekuwa ya kijivu. Gari la wagonjwa lilimchukua, akarudi baada ya siku nyingi, na daktari akasema waziwazi kwamba joto jingine kama lile mzee hatalimudu.

Muswada wangu wa kwanza ulitokana na hilo. Ulikuwa mfupi, hata mtoto angeuelewa: mwenye nyumba akiambiwa kiyoyozi kimekufa wakati wa joto, atakitengeneza ndani ya siku zilizowekwa. Nilitaka upite kabla ya Julai nyingine.

Aprili tukapewa siku ya kusikilizwa kwenye kamati. Niliendesha mwenyewe mpaka Austin, mama pembeni yangu kavaa kitenge kipya, na mkalimani, Mkenya mmoja wa hospitali, kiti cha nyuma. Mshauri wangu alikuwa amependekeza tumfanyishe mama mazoezi. Nikakataa. "Sema kama unavyosema nyumbani, mama," nikamwambia. Nilikuwa nimesimama Houston nikayaona yaliyompata mjomba kwa macho yangu mawili, na bado nikamwambia hivyo. Mpaka leo kosa hilo silitupii mtu mwingine.

Shahidi hupewa dakika tatu. Siku ile mwenyekiti alisema ni tatu pamoja na tafsiri, kwa sababu orodha ilikuwa ndefu. Mbele ya shahidi kuna taa: kijani, njano, nyekundu. Mama akaketi, akaweka mkoba mapajani. Mwenyekiti, mzee mpole wa sauti, akamkaribisha na kumwuliza hali ikoje huko nyumbani kwao.

"Tuko muzuri," mama akasema. "Tunashukuru Mungu. Tunashukuru serikali, ilitupokea. Batoto banasoma. Na nyinyi bakubwa, muko muzuri? Batu ya nyumbani kwenu? Propriétaire naye ni mutu ya heshima, alitupatia nyumba siku tulifika, hatukuwa na kitu..."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, kama alivyoapa kufanya. Taa ikawa njano. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele, na mtoa hoja akishaeleza muswada wake hana ruhusa ya kudakia. Mjumbe yeyote wa kamati angeweza kumuuliza mama swali moja na kumwongezea muda. Niliwatazama mmoja mmoja. Mmoja alikuwa anakula karanga. Taa ikawa nyekundu.

"Ila..." mama akasema.

"Asante sana mama, muda umekwisha," mwenyekiti akasema, kwa upole ule ule.

Wakili wa wenye nyumba alipokaa hakuhitaji hata dakika moja. Alisema kamati imesikia kutoka kwa mpangaji mwenyewe kwamba wako vizuri, na kwamba mwenye nyumba wao ni mtu wa heshima. Hakusema uongo hata kidogo. Ndicho kilichoniuma.

Mama aliimaliza ile sentensi yake ndani ya gari, tukiwa tumeshapita Waco, huku akitazama dirishani.

"Ila muzee wangu hataweza juillet ingine. Njo ile nilitaka kubaambia. Wale bakubwa banakimbiaka sana."

Julai nyingine. Nilishika usukani nikalia. Mkalimani alinipitishia kitambaa kutoka nyuma, na mama akanipigapiga goti kama vile mimi ndiye mwenye mgonjwa.

Muswada haukupigiwa kura ya kukataliwa, maana huko hawaui kwa kisu. Uliachwa mezani tu, Aprili ikaisha, Mei ikaisha, bunge, ambalo huku hukaa mwaka mmoja na kuruka mmoja, likafungwa, nao ukafa pale pale. Mshauri alikuja na somo lake: mwaka mwingine tufundishe mashahidi kuanza na kilio. Gari la wagonjwa sentensi ya kwanza, oksijeni ya pili, machozi kabla ya taa ya njano. Alikuwa ameshaandika mfano. Nikausoma. Ulikuwa mzuri, na ungefanya kazi.

"Yule mama ana miaka zaidi ya sitini," nikamwambia. "Ametoka kwao na nguo moja, na katika vyote alivyopoteza adabu yake hakuipoteza. Leo mimi ndiye nimwambie aiache mlangoni?"

"Unataka kushinda au unataka heshima?"

"Vyote viwili," nikasema. Nikamrudishia karatasi yake.

Jioni hiyo mjomba akapiga. Kumbe alikuwa ameutazama ule mkutano wote wa kamati kwenye kompyuta, yeye aliyesema hayumo. Tukasalimiana mpaka mwisho, mguu wa mama yangu ukatajwa.

"Nimemwona yule mama," akasema. "Amesema vizuri sana. Heshima si utumwa. Mwenye kosa ni wewe."

"Najua, mjomba."

"Hujui. Unadhani kosa ni kutomfundisha yeye. Wewe ulinisubiri mimi kwenye simu nikiwa juu ya meza, hukunikatiza. Nani kakufundisha? Mama yako. Sasa wale wakubwa wako nani kawafundisha?"

Jibu la swali hilo sikulipata mimi. Lilitoka kwa mama wa chini.

Juni, Idd ikiwa imepita karibuni, kiyoyozi chao kikafa tena. Maombi ya matengenezo yalikuwa yanatumwa kwa mtandao. Unapewa namba, unasubiri. Nilituma nikapata namba. Nikapiga simu, nikajitaja kwa cheo changu, nikapewa namba nyingine. Siku ya tatu tulimpandisha mzee kwangu na mtungi wake, nami nikawa nalala kwenye kochi, lakini kiyoyozi changu nacho kilikuwa kinakohoa. Mama alikuwa amekaa jikoni kwangu akimenya vitunguu.

"Mutoto yangu," akasema, "ule meneja, kila siku tukipita anatuuliza muko muzuri?"

"Anauliza."

"Na sisi tunapunga mukono tu, tunapita. Haiko heshima. Kesho twende tumujibu."

Sikumwelewa mpaka asubuhi. Ofisi ya meneja ilikuwa chumba kimoja chenye baridi ya kuvaa sweta, viti vinne, na mlango wa kioo. Ulipofunguliwa, mama aliingia wa kwanza akimsukuma mzee kwenye kiti chake, mimi nyuma kama mkalimani. Nyuma yangu waliingia wengine. Wakongo, Warundi, mama wa Kisomali na dada yake, bibi mmoja wa Kiburma aliyebeba sahani ya maandazi ya kwao, na wengine walikuwa bado wanashuka ngazi. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka maegesho.

"Habari za asubuhi, mnaendeleaje nyote?" meneja akauliza, kwa mazoea.

Mama akavuta kiti, akamjibu. Safari hii hapakuwa na taa. Alisema wako muzuri. Alimweleza habari za wajukuu mmoja baada ya mwingine, na shule zao. Alimshukuru kwa siku waliyofika. Kisha akauliza habari za mama yake meneja, anaishi wapi, anaumwa nini, nani anampikia. Nilitafsiri kila kitu, sikupunguza wala sikuongeza. Mwanzoni meneja alijibu kwa kuangalia kompyuta. Baadaye akaacha kuiangalia. Mama yake, kumbe, alikuwa peke yake huko Fort Worth na magoti hayamshiki.

Alipomaliza salamu, mama hakuondoka, alisogea akaketi karibu na mzee. Akaja Mrundi, naye akaanza na salamu. Watu wawili waliokuja kutazama fleti za kupanga walichungulia kioo, wakaona umati, wakageuza gari. Mzee alisinzia kwa raha kwenye ile baridi, mdomo wazi. Bibi wa Kiburma akagawa maandazi. Simu ya meza ikalia na hakuna aliyeipokea.

Karibu na adhuhuri meneja akaniinamia. "Mheshimiwa, tafadhali. Niambie tu shida ni nini."

"Bado hatujafika huko," nikamjibu.

"Nyuma yako wamebaki wangapi?"

"Sijui. Wanaongezeka."

Alishika simu akapiga kwa fundi mwenyewe, si kwa ile namba ya mtandao. Nilimsikia akisema leo, si kesho, na awe na mashine mpya. Akakata, akageuka kwa mama akimwambia kwamba ameelewa, anajua ni kiyoyozi, fundi yuko njiani, asiwe na wasiwasi.

Nikatafsiri. Mama akatikisa kichwa.

"Umuambie angoje. Sijamaliza kujibu."

Meneja akakaa. Na mama, mbele ya watu wote waliokuwa mle ndani, akaisema ila yake tangu mwanzo. Beseni la kuogea. Fagio kwenye dari. Midomo ya kijivu. Mwaka mzima aliokuwa anaihesabu Julai inavyokaribia. Hakupandisha sauti. Nilipofika kwenye midomo sauti yangu ilikatika, nikasimama, na hakuna aliyenihimiza, wote walingoja mpaka nikapata maneno. Meneja naye alingoja. Nilikuwa mbunge wa miezi mitano, na ile ndiyo kamati ya kwanza niliyoiona ikisikiliza.

Fundi alikuja kabla ya saa kumi. Julai mzee aliimaliza kwenye kiti chake mwenyewe, akimlalamikia mkewe kwamba nyumba ina baridi.

Mwaka 2020 nikatetea kiti. Machi ugonjwa ukafunga milango yote, nikarudi kliniki zamu za kila wiki, na kampeni ikawa ya simu. Mpinzani wangu akasambaza kipeperushi chenye picha ya bunge na maneno ya mama, "Tuko vizuri", na chini yake swali: basi sheria ya nini? Wapambe wangu walitaka tukanushe. Nilikataa. Nilichapisha cha kwangu chenye maneno yale yale, na chini yake: *Ndiyo, alisema hivyo. Mlimkatiza kabla hajamaliza.* Nilishinda kwa kura chache, nywele zangu za kwanza za mvi zikiwa kichwani. Mjomba alisema mvi zile ndizo zilizonifaa, sasa naweza kuacha kupakua pilau.

Novemba hiyo, wiki ya kuanza kupokea miswada ya kikao kipya, nilimpigia mama wa chini. Nilikuwa nimeketi na muswada wangu wa zamani mbele yangu, neno lile lile, koma ile ile.

"Habari za huko, mama?"

"Tuko muzuri, mutoto yangu. Muzee anakula. Batoto banasoma mu kompyuta. Mama yako, muguu yake?"

"Mguu unaendelea vizuri."

"Mungu asifiwe."

Nikangoja. Nilimsikia akikoroga kitu kwenye sufuria.

"Unangoja nini?" akaniuliza.

"Nangoja ila."

Akacheka. "Kwetu leo haiko." Mwiko ukagonga ukingo wa sufuria. "Ila bâtiment ya pili, pale kwa yule bibi alileta maandazi. Mashini yao ilikufa tangu septembre. Hakuambia mutu."

Nikachukua kalamu nikaandika jengo la pili na namba ya mlango. Kisha nikamwuliza kama yuko tayari kurudi Austin mbele ya wale wale, taa zile zile, dakika zile zile tatu, na kama safari hii angependa tufanye mazoezi kidogo.

"Ya nini?" mama akasema. "Nitabasalimia vile vile. Wale bakubwa njo bajifunze kungoja."